Bibi Yangu Hakuwa Mgonjwa

Shangazi mpendwa wa ukurasa huu, shikamoo, naomba msaada wako kabla sijaharibu kazi na undugu kwa mpigo mmoja, maana nimekwama juu ya ngazi na huku chini kila mtu anasubiri niteleze.

Mimi ni mchora mabango, mwanamke, na nimeshazoea kufika kwa mteja nikaulizwa fundi mwenyewe yuko wapi. Mwezi huu nimepewa ukuta wa jengo jipya la kituo cha utafiti wa dawa, nichore historia yao kwa kufuata picha za zamani walizonipa, na shangazi, picha ya tatu kuitazama tu nikakaa chini, kwa sababu yule mwanamke aliyekaa kwenye kigoda, mkono wake umewekwa juu ya kikombe kilichofungwa kwa kipande cha chandarua, ni bibi yangu mzaa mama, yeye kabisa, na lile jicho lake la kumpima mtu, na chini yake nimeagizwa niandike, "Daktari akimhudumia mgonjwa."

Bibi hakuwa mgonjwa. Alinisimulia mwenyewe nikiwa namsuka nywele, kwamba alikuwa buheri wa afya, akaenda kituoni kwa miguu yake baada ya kumzika mtoto wake wa kwanza kwa malaria, wakamweleza kwamba wanatafuta watu watakaokubali kuumwa na mbu wenye vimelea ili dawa mpya ijaribiwe, na mle kikombeni ndimo walimokuwa hao mbu, naye akawapa mkono, homa ikaja ikamtetemesha mpaka kitanda kikalia, dawa ya kwanza ikashindwa wakampa nyingine, na kila asubuhi daktari alimuuliza kama anataka kuacha, yeye akajibu, "Nimeshazika mmoja. Endeleeni." Akapona, akarudi nyumbani, mtaani wakamwita Mama Mbu mpaka anaingia kaburini, na wala hilo halikumuuma, kilichomuuma ni kwamba, kama alivyoniambia, "Niliwapa mwili wangu, wao hata jina langu hawakulitundika popote."

Nikamweleza msimamizi wa jengo, akasema, "Dada, wewe chora ulicholetewa, wageni wanakuja mwisho wa mwezi." Nikaenda kwa mjomba, ambaye ndiye aliyemfuata kuzaliwa yule mtoto wa kwanza aliyezikwa, na ndiye mtoto pekee wa bibi aliyebaki, kwa kuwa mama yangu aliyezaliwa baadaye naye ametangulia, nikidhani atafurahi, kumbe akaniambia, "Ukiandika jina la mama yangu kwenye ukuta wa wale watu, mimi na wewe basi," akachukua kofia yake akatoka, nyumbani kwake mwenyewe, akaniacha na chai. Mkewe ndiye aliyeniambia kwamba enzi zile mjomba alikuwa mdogo, alikuwa akisimama langoni mwa kituo analia wanamfukuza, na shuleni wenzake wakimwona walikuwa wanamlilia mlio wa mbu.

Sasa nimeamua, shangazi, kwamba siku moja kabla ya sherehe nitaliandika jina la bibi lote kwa rangi nyekundu, nifunike kwa kitambaa, wageni wakikivuta wakute limeshakauka. Kazi nitakosa, mjomba hatanisamehe, lakini sirudi nyuma. Je, nakosea?

Ni mimi, Wa Ngazini.

*

Wa Ngazini, marahaba. Umeshaamua ndipo ukaniuliza. Hayo nimeyazoea, na wala hayatanizuia kukujibu.

Nikupe haki yako kwanza. Mgonjwa huletwa hospitali; bibi yako alikwenda mwenyewe, akiwa mzima, akijua kinachomngoja. Wako watu leo wanameza dawa wakapona kwa sababu ya wanawake kama yeye, na hawajui. Hilo neno "mgonjwa" usiliandike hata kwa penseli. Umesikitika, na mimi nimesikitika nawe. Nimeisoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nimeweka miwani chini.

Lakini hiyo habari ya rangi nyekundu kwa kujificha, hapana. Mbu wametuuma sote na hakuna aliyetuchora ukutani. Bibi yako anastahili ukuta kwa sababu aliulizwa, akakubali, na kesho yake akaulizwa tena. Sasa wewe unataka kumheshimu kwa kumvizia mwanawe mbele ya wageni? Hapo unakosea, tena sana. Hasira za mkizi hizo, mwanangu, na unajua anayefurahi ni nani.

Halafu mjomba. Umemwandika kama mzee mkaidi. Nyinyi wawili mnampenda mtu mmoja, ila wewe ulimkuta ameshapona. Yeye alimwona akiingia kwenye lile lango na hakujua kama atatoka. Ulikwenda kwake na habari yako, ukataka akupigie makofi, hukumuuliza swali hata moja. Na nikuulize mimi: ameshawahi kuambiwa yale maneno, "Nimeshazika mmoja"? Wewe uliyasikia ukiwa na kitana mkononi. Yeye nani alimwambia? Maana huyo wa pili, ambaye mama yake alikuwa hataki kumzika, ni nani kama si yeye? Miaka yote hii anadhani aliachwa. Huenda hajui kwamba ni yeye aliyekuwa akipiganiwa.

Basi fanya hivi. Leo hii shuka kwenye hiyo ngazi, chukua ile picha, nenda kwa mjomba. Usianze na habari za ukuta. Mpe picha aitazame, mwambie maneno ya mama yake kama ulivyoyasikia, kisha nyamaza. Najua kunyamaza kwako ni kazi kuliko kupaka rangi, lakini nyamaza. Akitoka tena na kofia yake, msubiri, atarudi, kwani nyumba ni yake. Akikataa leo, kamuulize tena kesho kwa adabu.

Kwa upande wa kituo, achana na msimamizi, kazi yake ni saruji. Nenda kwa daktari mkuu mwenyewe, mweleze aliyeko pichani ni nani, umwombe maneno yabadilishwe yaseme kwamba huyu alikuwa na afya njema na alijitolea. Hilo ni kweli na kweli haihitaji ruhusa ya ukoo. Jina litafuata mjomba akiridhika, hata kama ni baada ya sherehe, ukuta hauhami. Ukikataliwa kote, waachie ngazi na kopo, waandike uongo wao kwa mkono wao wenyewe.

Ila mimi nadhani mzee atakubali. Na akikubali, mwombe daktari mkuu kiti kimoja mstari wa mbele, kisha panda uliandike jina la bibi yako lote, pamoja na la baba yake, kwa herufi kubwa za kutosha mwanawe azisome bila kuinuka.