Tanzia Niliyoikosea na Msomaji wa Saa Saba

Jumatano, kipupwe. Upepo wa leo umekusanya vumbi la Dodoma nzima ukaja kulimwaga juu ya meza yangu hapa Miyuji. Nimepangusa mara tatu, nikaacha. Jua linachoma na baridi inauma, vyote kwa pamoja, na mwili haujui uvae nini.

Nina jambo la kukiri. Nataka nilikiri leo kabla sijaanza kulipamba.

Nimemtangaza mtu kuwa amekufa, na hajafa.

Kwa aliyeingia hapa leo kwa mara ya kwanza: nina tovuti ya mambo ya Dodoma. Viwanja, nafasi za kazi, bei ya zabibu, mtaa gani hauna maji, na tanzia. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuiharibu na kuitengeneza, kisha kuiharibu tena. Ninachoishi nacho ni kuuza nafasi za matangazo: ya juu, ya ubavuni na ya chini. Nazunguka madukani na simu mkononi, namwonyesha mwenye duka mahali jina lake litakapokaa. Wote wananiuliza swali moja, kana kwamba waliitisha mkutano: "Watu wanaona kweli?"

Hapo nawafungulia ukurasa wa tanzia. Watu wetu wanaufungua kabla hawajanawa uso, waone nani ametangulia na wahakikishe si wao. Kwa hiyo nafasi ya ubavuni, kando ya tanzia, ndiyo shamba langu lenye rutuba. Sijivunii. Aibu ninayo kidogo, lakini haijatosha kuniachisha.

Sasa, wiki tano na siku kadhaa zilizopita alikuja mzee mmoja anaitwa Shabani, na picha ya kaka yake ndani ya bahasha. Kaka mtu, Hamisi, alitoka nyumbani kwake Nzuguni miaka tisa iliyopita akisema anakwenda Hombolo kuangalia shamba la zabibu. Hombolo si mbali. Hajarudi mpaka leo.

Wazee wa ukoo wao, watu wa Kondoa, walikuwa wamekaa kikao. Walikubaliana Hamisi atangazwe siku arobaini. Akijitokeza, heri. Asipojitokeza, siku ya arobaini atasomewa dua kama marehemu, mkewe atakaa eda, na eda ikiisha mwanamke atakuwa huru na maisha yake. Mzee Shabani alinunua nafasi ya siku zote arobaini. Ya mwisho ni keshokutwa, Ijumaa.

Siku ile umeme ulikuwa unakatika na kurudi kama mtu anayekonyeza. Nilifanya ninavyofanya siku zote nikiwa na haraka: nikachukua tangazo la mwisho, nikatoa picha ya zamani nikaweka mpya, nikafuta maneno nikaandika mengine. "Anatafutwa na familia yake. Kama yu hai, ajitokeze kabla ya siku arobaini." Niliandika vizuri kabisa.

Lakini tangazo la mwisho lilikuwa tanzia.

Utepe mweusi ulibaki pale juu, na neno TANZIA ndani yake kwa herufi nene. Chini ulibaki ule mstari wetu wa kila msiba: habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo.

Watu wetu hawasomi tanzia. Wanaitazama. Wanaona weusi, wanaona sura, wanaandika pole. Mchana wa kwanza pole zilishajaa chini ya picha, na Mzee Shabani hakujua lolote kwa sababu simu yake ni kitochi, haifungui tovuti. Alimtuma mtu aangalie kama tangazo limetoka, akajibiwa kwamba limetoka, na sura imekaa vizuri.

Niligundua siku ya tatu, mama mmoja wa kanisani aliponipa pole kwa "msiba wa yule baba." Nilifungua, nikaona. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kusahihisha. Hapo hapo simu ikaita. Muuza makochi wa barabara ya pili anataka nafasi kando ya "yule marehemu anayesomwa sana."

Nilishusha kidole.

Nilijiambia nitasahihisha Ijumaa. Zimeshapita Ijumaa tano.

Sasa niseme kuhusu msomaji. Mtambo wangu wa takwimu haunipi majina, ila unaonyesha ukurasa gani umefunguliwa, kwa simu ya aina gani, na kwa kukisia, kutoka mji gani. Wiki ya kwanza nilimwona mmoja anayefungua ukurasa wa Hamisi kila siku saa saba mchana. Simu ile ile, ya zamani. Anaufungua na kuuacha wazi mpaka karibu na alasiri. Hafungui kitu kingine, wala makochi.

Wiki ile ramani ya mtambo ilisema Singida.

Wiki iliyofuata ikasema Manyoni. Kisha Bahi. Tangu Jumapili inasema Dodoma.

Ramani hii husema uongo, najua. Kuna siku ilinionyesha mimi mwenyewe niko Mwanza nami nimekaa hapa hapa na chai yangu. Lakini uongo wake huwa unarukaruka. Huu ulikuwa unafuata barabara.

Halafu yakaja maswali. Kati ya pole zote akajitokeza mtu aliyeweka nukta moja mahali pa jina. Aliandika: "Kaburi liko wapi?" Msomaji mwingine akamjibu kwamba liko Kondoa, na kwamba yeye alikuwepo mazishini, watu walikuwa wengi mno. Watu ndivyo tulivyo, hatutaki kuonekana tumekosa msiba. Siku mbili baadaye nukta ikauliza tena.

"Nani alimwosha?"

Yule wa mazishini akajibu: mimi na wenzangu.

Nilicheka. Kisha nikaelewa kitu ambacho ningepaswa kukielewa siku ya tatu. Kama Hamisi yu hai, na kama ndiye anayesoma, basi hajaona kwamba anatafutwa. Ameona nyumbani kwake wameshamzika. Na anakuja pole pole, mji kwa mji, kuuliza wamemzika vipi. Mlango ambao ndugu zake walimfungulia kwa siku arobaini, mimi ndiye niliyeufunga kwa utepe mweusi, nikapangisha makochi kando yake.

Leo nimekwenda Nzuguni kwa mkewe.

Mama Rukia ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho ofisi. Nilimkuta amekaa kwenye mashine na kitambaa cheupe mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kushona au umekuja kunitazama? Siku hizi wa kunitazama wamezidi wa kushona."

Nilimwambia mimi ndiye mwenye tovuti. Aliniashiria kigoda. Nilitazama kile kitambaa, naye akaona ninapotazama.

"Yangu hiyo. Ya eda. Mafundi wenzangu wanachelewesha nguo za wateja, mimi naichelewesha ya kwangu."

Nilimweleza yote: utepe, makochi, Ijumaa tano. Nilitarajia anifukuze, na nadhani ningepata nafuu. Alivaa miwani, akanyoosha mkono akachukua simu yangu, akasoma pole zote moja baada ya nyingine, bila haraka, kama anayekagua mshono. Alipofika kwa yule wa mazishini alicheka mpaka akashika ukingo wa mashine.

"Huyu alikula pilau ya wapi? Aje anieleze, maana mimi mwenyewe sijapika."

Kisha akafika kwenye swali la nani alimwosha. Alivua miwani.

Ilikuwa saa saba imepita kidogo. Nilifungua takwimu nikamwonyesha. Wasomaji waliopo sasa hivi katika ukurasa huu: mmoja.

Tulikaa na ile moja. Nje upepo ulikuwa unanyanyua bati na kulirudisha. Mama Rukia aliisogelea simu, akateremsha sauti kana kwamba upande wa pili wanasikia.

"Anasoma saa hizi?"

"Ukurasa uko wazi, mama. Kama anasoma au ameiweka simu mezani, mtambo hausemi. Na huenda si yeye."

"Ameiweka mezani. Hata chakula alikuwa hivyo hivyo. Anakitazama mpaka kinapoa, ndiyo anakula."

Nikamwambia naweza kusahihisha sasa hivi, naweza kuliondoa tangazo kabisa, au naweza kuliacha mpaka Ijumaa.

"Shabani anasemaje?"

"Sijamwambia."

"Usimwambie. Shabani anaitaka Ijumaa ifike. Na mimi nilikuwa naitaka, Mungu anisamehe. Miaka tisa, mwanangu, si mke, si mjane. Hata kadi ya harusi watu hawajui waniandikeje." Alikikunja kile cheupe, akakikunjua tena. "Lakini eda ya mtu anayesoma siwezi kuikaa."

Sisi kwetu hatuna eda, ila hilo nilielewa.

"Andika," akasema. "Hamisi hajafa. Aliyeandika tanzia alikosea."

Niliandika.

"Maneno ya kumwita arudi usiweke."

"Niweke nini, mama?"

"Weka: mkewe anaomba talaka yake. Kwa maandishi, kwa mkono wake mwenyewe. Basi."

Nilitoa utepe mweusi, nikatoa mstari wa popote walipo. Nikamsomea yote. Akatikisa kichwa kukubali. Nikabonyeza.

Ile moja ikabaki moja. Tuliitazama. Alitaka kujua kama maneno mapya yanamfikia mtu ambaye alishafungua ukurasa, nikamwambia mpaka aufungue upya. Akasema, "Basi hataona leo," akarudi kwenye mashine. Hakushona. Aliweka tu mguu kwenye kanyagio.

Dakika chache baadaye simu ikatetemeka. Maoni mapya, jina nukta.

"Mlango mmeubadilisha."

Nilimgeuzia simu.

Alisoma bila miwani. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mlango wa kwanza ulikuwa wa mbao, Hamisi aliununua kwa fundi wa Hombolo, na mchwa waliumaliza. Huu wa chuma aliuweka mwaka jana.

Kisha akakata uzi kwa meno, akasimama, akaenda kuufungua.

Nilikuwa nyuma yake. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nguo kwenye kamba ya jirani zilikuwa zimelala hewani kwa upepo, mikono yote imeelekea upande mmoja. Mbuzi mmoja ukutani. Hakuita jina. Hakutazama kushoto wala kulia kama mimi nilivyofanya, na mimi nilifanya mara nyingi. Aliinama, akaokota jiwe, akaegemeza mlango usijifunge, akarudi kukaa. Kile cheupe alikitia chini ya mashine, akachukua sare ya shule ya mteja.

"Mama, upepo unaingiza vumbi."

"Uache wazi. Anayeleta karatasi hana haja ya kubisha hodi."

Nilikaa naye mpaka adhana ya alasiri. Hakuna aliyeingia. Muda mfupi baada ya adhana ile moja ikawa sifuri.

Jirani yeyote angeweza kuandika yale maneno. Mlango wa chuma unaonekana na mtaa mzima, na wapenda mzaha wanajaa tovuti yangu kuliko wanunuzi wa makochi. Nimejiambia hivyo mara nne njiani kurudi. Mara ya nne nilikuwa karibu kuamini.

Jioni muuza makochi kanipigia. Ameona utepe umeondoka. "Dada, yule marehemu wako kaenda wapi?"

Nikamwambia hajafa.

Akafanya hesabu zake. "Sasa tangazo langu linakaa karibu na nani?"

Nimemwambia nafasi ile haiuzwi tena, nitamhamishia juu bila kumwongezea bei. Umbo la tanzia, lile lenye utepe mweusi, nimelitenga na matangazo mengine, na kulifungua itabidi niandike kwanza jina la aliyenithibitishia kifo. Ni jambo dogo. Ningelifanya mapema, mtu angekuwa ameshafika kwao, au ameshaamua kutofika, kwa kujua.

Kwa Mzee Shabani nimenyamaza kama nilivyoombwa. Ijumaa kikao kitakaa, na Mama Rukia anasema atawaambia wazee mwenyewe. Kwa kesho ameniomba kitu kimoja tu: nije na simu, ikiwa na chaji.

Nitakwenda. Saa saba nitakuwa kwenye kigoda kile, jua limemulika mpaka ndani. Na akiingia mtu akauliza nani aliandika kwamba amekufa, nitasimama niseme ni mimi. Nimejaribu kulisema kwa sauti hapa chumbani, peke yangu.

Bado halitoki vizuri.