Kofia Tisa Chini ya Majabali

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limehifadhiwa jaladani. Jinsia: mke. Umri: miaka 41. Kazi: kiongozi wa matembezi ya majabali. Makazi: nyumba ya pili nyuma ya gati. Yameanza kuandikwa saa 8:15 mchana.

Afande, andika upesi, maji yanapwa.

Mnamo leo tarehe 14, saa 2:00 asubuhi, tulianza kutembea juu ya majabali ya chokaa: wageni saba, mimi, na mdogo wangu wa mwisho. Tunamwita Mjusi kwa kupenda kwake kupenya kwenye nyufa. Jina hilo nilimpa mimi, nimemlea tangu ana miaka sita. Watu tisa, kofia ngumu tisa.

Saa 4:00 tulishuka kwa kamba hadi mdomo wa pango, ambako boti hutuchukua kumalizia mzunguko kwa bahari. Maji yalikuwa yameanza kujaa. Pale huwa nahesabu kofia zikiingia guniani. Watu hawatulii, huyu anapiga picha, yule kajificha anakojoa. Miaka kumi na moja nahesabu hivyo.

Mgeni mmoja, mama mshonaji, aliangusha miwani ndani ya ufa mle pangoni. Amenieleza baadaye kwamba Mjusi alivua kofia, maana ufa ni mwembamba, akampa aishike, akamwambia, "Tangulia mama, naja." Mama yule bila miwani haoni vizuri. Alinikabidhi kofia mbili, nikazipokea bila kuuliza. Zikatimia tisa.

Nahodha aliniuliza, "Wote?"

Nikamjibu, "Wote. Ondoa."

Yeye alidhani Mjusi amerudi juu kufungua kamba, kama siku nyingine. Mimi nilikaa mbele nikitazama miamba, nyuma hata sikugeuka.

Saa 5:20 tulifika gatini. Mama akauliza miwani yake iko wapi. Hapo ndipo nilipogeuka kumtafuta Mjusi, hayumo. Tulirudi mbio, na saa 5:50 mdomo wa pango ulikuwa umeshazama. Niligonga mwamba kwa jiwe hadi vidole vikachubuka. Nilimwita kwa jina lake halisi, ambalo huwa silitumii. Hakuitika.

Ndani, juu kulia, kuna mahali pakavu pa kutosha mtu kukaa. Anapajua. Afande, anapajua, nimemwonyesha mwenyewe. Mdomo utaanza kufunguka saa 10:00. Msiniweke hapa na makaratasi.

Nahodha hana kosa. Aliyesema "wote" ni mimi. Hayo ndiyo yangu, nipe kalamu.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Ofisa: Nimemsomea, amekubali ni sahihi. Yamekamilika saa 9:05. Saa 9:20 ameondoka na boti ya uokoaji. Kabla haijaondoka alimgusa bega kila aliyepanda, akihesabu kwa sauti. Walikuwa sita, yeye akiwemo. Ameomba nafasi ya saba asiikalie mtu.