Brashi ya Baba

Kwako Kaka,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa pale pale unapopajua, mezani karibu na dirisha, na wa kwanza kukusalimu ni mama, ambaye amepita nyuma yangu sasa hivi akasema nikuulize kama kile kikohozi kimekuacha. Mimi naongeza swali langu: unakula? Sisi huku miili ni mizima. Goti la mama linamsumbua asubuhi tu, na mimi bado nashika nafasi ya pili darasani, nyuma ya yule mtoto wa daktari ambaye nadhani halali usiku.

Barua yako ya kusema hutaweza kuja likizo tuliipata. Usijisikie vibaya. Kazi ikikukatalia, imekukatalia.

Kilichonikalisha hapa ni habari ya baba. Baba hachomelei tena. Najua sentensi hiyo utairudia, hata mimi nimeikata na kuiandika upya. Yupo pale pale karakanani, lakini siku hizi anafunga kamba matangi yaliyokamilika na kufagia vipande vya alumini chini ya mashine ya kukatia. Kofia yake ya kuchomelea ameirudisha stoo.

Yalianza na yale matangi ya mafuta ya malori. Unakumbuka walivyokuwa wakimwita Fundi Cherehani, kwa sababu mshono wake ulitoka kama umepigwa na mashine. Siku ya tangi la kwanza, anasema, moto ulikuwa mchafu. Alumini ilitoa masizi pembeni ya mshono, na vitundu vidogo kama vya mkate. Akabadilisha mtungi wa gesi, akabadilisha sindano ya tochi ya kuchomelea, akafuta bati kwa spiriti mpaka wenzake wakamuuliza kama anaandaa bibi harusi. Akarudia mshono hadi ukaonekana mzuri kwa nje. Walipojaza upepo ndani ya tangi na kupaka povu la sabuni, mapovu yakachemka kila mahali mshono ulipovuja. Tangi la pili vivyo hivyo. La tatu msimamizi alilipaka povu mwenyewe, karakana nzima ikiwa imesimama inatazama.

Msimamizi si mtu mbaya. Alimwita ofisini, akamvutia kiti, akamwambia mzee wangu, macho yana umri wake na mikono nayo ina umri wake, hakuna aibu hapo. Baba aliniambia kilichomuumiza ni kile kiti. Miaka yote ameingia ofisi ile na kusema shida zake akiwa amesimama. Alipotoka, mmoja wa mafundi akamuuliza kama cherehani imeishiwa uzi, naye akacheka pamoja nao.

Kaka, kinachonitisha ni kwamba amewaamini. Zamani alikuwa akiniambia kuwa chuma huwa chekundu kwanza, kinakuonya, lakini alumini hubaki na rangi yake ile ile mpaka inapokuporomokea mbele ya macho. Sasa anasema mwili wake nao umemfanyia hivyo hivyo. Na mikono imeanza kutetemeka kweli. Asubuhi ya tangi la tatu mikono ilikuwa imetulia, mama ni shahidi, maana baba alimtungia uzi kwenye sindano mara moja tu bila kukosea. Leo anashika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Mimi, kama unavyonijua, nilikimbilia vitabuni. Maktaba ya shule ina kitabu kimoja cha ufundi, kimepoteza jalada, nikakiazima nikitafuta kama kuna lolote kuhusu mikono ya mafundi. Halikuwepo. Nilichokikuta kilikuwa kwenye ukurasa wa brashi.

Hapa naomba usome polepole. Unaijua brashi ya waya ya baba, ile ya mpini wa mbao, aliyokuwa akiifunga kwenye kitambaa cheupe na kurudi nayo nyumbani kila jioni ili asije mtu akaigusa. Nilijua haiguswi, kama kikombe chake kisivyoguswa. Nilidhani ni mambo yake tu. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuwahi kuuliza. Kitabu kinasema brashi ya kusugulia alumini kabla ya kuchomelea ikishasugua chuma, hata mara moja, inabeba chembe za chuma na kutu, na kuzipachika ndani ya alumini, na mshono unaharibika kabla haujapoa.

Jumapili moja, kabla barua yako haijafika, nilitaka ukija likizo ukikute kitanda chako cha chuma kinang'aa. Kilikuwa kimeshika kutu miguuni na kichwani. Baba alikuwa amejilaza mchana, nikaichukua brashi. Nilisugua mpaka viganja vikaniwaka. Halafu, kwa kuwa mimi ni mtu wa uangalifu, nikaiosha kwa sabuni, nikaianika, nikaifunga tena kwenye kitambaa chake, mkunjo kwa mkunjo. Ningeirudisha chafu, baba angeiona. Jumatatu alianza tangi la kwanza.

Nilimwambia, Kaka. Ilinichukua siku kumi na moja tangu niusome ule ukurasa, lakini nilimfuata uani nikiwa na kitabu mkononi. Aliniacha nimalize. Kisha akasema mama ameshalaumu gesi, jirani fundi viatu amelaumu miwani, na sasa Mwalimu, kama anavyoniita, ameleta kitanda. Akasema nina moyo mzuri, ila nisijifunze kusema uongo kwa ajili yake. Nikaapa. Akaniwekea mkono kichwani, nikausikia ukitetemeka juu ya nywele zangu. Brashi yenyewe aliiacha karakanani siku alipokabidhi vifaa. Wanasugulia mageti ya chuma nayo, kwa hiyo haiwezi kunitetea.

Nilienda hata kwa msimamizi, mimi ninayeshindwa kuomba chumvi dukani. Alinisikiliza, akakubali kuwa huenda ni kweli, mambo hayo yanatokea. Kisha akaniuliza kwa upole kama nimeiona mikono ya baba siku hizi.

Nilifikiri kukuomba umwandikie, kwa kuwa uliwahi kushika tochi pembeni yake na wewe atakuamini. Lakini akishaamini itakuwaje? Mikono haitatulia eti kwa sababu tumemjua aliyeyaanzisha haya. Basi sikuombi kitu. Nilitaka tu awepo mtu mmoja anayeniamini.

Mama anasema usiache kujifunika kifua. Baba naye anakusalimu sana, na ameniagiza nikuambie kwamba amepewa kazi nyepesi na anapumzika.

Kitanda chako kinang'aa mpaka leo. Hakuna anayekilalia.

Ni mimi mdogo wako,
Mwalimu