Mjomba Ndiye Mwenye Neno

Bigwa, Morogoro

Mjukuu wangu Shabani,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Mvua imeshuka Uluguru, na mama yako kapona homa. Ila mimi situlii tangu niliposikia kwamba wazee wa mchumba wako, Watswana wa huko Gaborone, hawataki uende mwenyewe kuposa. Unaniuliza, "Bibi, mtu mzima mimi, nisemewe?"

Nilipokuwa msichana nikiuza mboga Dakawa, kwenye kambi ya wakimbizi wa Afrika Kusini, dada mmoja Mtswana, Naledi, aliposwa. Ng'ombe wa mahari hawakuwapo, wenzake kambini wakasema mahari itasubiri. Lakini mjomba lazima awepo, maana kwao, kama kwetu Waluguru, mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba wa Naledi alibaki kwao Afrika Kusini, mbali. Wakamwomba mjomba wangu, mkulima wa mpunga asiyejua Kitswana hata kidogo, akae mahali pake. Akanyoa ndevu, akaenda.

Mwoaji hakuruhusiwa kuingia kwenye kikao cha posa. Nilimkuta kwenye mfereji wa mpunga, anakwenda, anarudi. Nikamwambia, "Si uingie ukajisemee?"

Akasimama. "Nikijisemea, siku tukigombana nani atakuja kutuamua?"



Usiwanunie wazee wa huko, baba. Mjomba wako Kobelo goti linamsumbua, na ndege hajapanda hata siku moja. Lakini tangu asubuhi amevaa viatu, yuko mlangoni, ananiuliza Botswana ni upande gani.

Bibi yako, mzaa mama