Daraja Lililonyooka Kupita Kiasi

Chumba cha Ramani,
Ofisi ya Ujenzi, ghorofa ya pili.
Jumatano, 9 Aprili.

Mpendwa Dada,

Hujambo huko ugenini? Mgongo umepoa, au bado unakusumbua? Shemeji naye, na wapwa zangu? Huku ni wazima wa mwili. Presha ya Mama imetulia. Bibi yuko vilevile kitandani, anakula akilishwa. Mimi usingizi umenikimbia, na ndiyo sababu ya barua hii. Kwenye simu ningelia, nawe ungenicheka.

Unalikumbuka lile daraja la miguu nililokuchorea nyuma ya bahasha? Lile la kuning'inia, la kuvuka mto hadi kwa Bibi. Limekwisha, watu wanapita. Nami natamani wasipite.

Nilichora nyaya zilegee, katikati zishuke mita mbili na nusu. Kamba ya kuanikia nguo ukiiacha ilegee kidogo, itabeba blanketi lililolowa. Ukiikaza, blanketi hilohilo litang'oa nguzo. Nilimwambia Mjomba, aliyekuwa fundi wangu pale, aziache zilegee. Sikumwambia kwa nini. Nani amfundishe kazi mtu aliyemfundisha kushika mwiko wa uashi?

Nikaitwa makao makuu siku tatu. Mjomba si unamjua, ndiyo maana wanamwita Pimamaji, kama kile kifaa chake cha kupimia usawa. Hata picha ukutani ikikaa upande hapumui mpaka ainyooshe. Aliona daraja limelegea na siku ya kufunguliwa imekaribia, akaniona nitaaibika. Akazikaza nyaya, akalaza pimamaji yake katikati, mpaka kiputo kikatulia. Kisha, kwa usafi wake, akazikata ncha zote zilizobaki ili pasiwe na mikia. Niliporudi alikuwa amesimama palepale, anangoja nimsifu.

Kwa hiyo hakuna tena waya wa kulegeza. Nyaya mpya zimeagizwa, nimewaandikia makao makuu mara nne, mara nne nimejibiwa nivute subira. Na nanga, lile bonge la zege tulilolizika ukingoni lishike nyaya, linasogea. Nimepigilia kigingi kando yake, napima kila asubuhi. Wiki ya kwanza, unene wa kidole kimoja. Jana, viwili.

Nilifunga daraja kwa ubao. Kabla sijafika nyumbani ubao ulikuwa umeondolewa, na aliyeuondoa ni Mama. Mto umejaa, njia nyingine hakuna, na Bibi hawezi hata kujigeuza. Nikamwambia basi tumlete Bibi upande huu. Akaniuliza atapitishwa wapi.

Nimemweleza habari ya nyaya, ya nanga, ya vidole. Anacheka. "We mtoto, mbona hujiamini? Daraja lako lisiponibeba mimi, litambeba nani?" Kisha anavuka polepole, makusudi, majirani waone. Hilo ndilo linaloniua, Dada. Angekuwa anavuka kwa kutojua, ningekuwa na la kumwambia.

Mjomba naye nilimweleza. Tangu siku hiyo, na magoti yake yale, kila asubuhi anabeba mawe anayapanga juu ya nanga, yamenyooka mistari kama ukuta. Sijui yatasaidia kiasi gani, na sina moyo wa kumzuia. Mimi nasimama pembeni nahesabu hatua za Mama, mkono wangu juu ya waya, kana kwamba mkono utazuia kitu. Maji yamezidi unga.

Nilitaka kukuomba umpigie Mama, maana wewe anakusikiliza. Lakini umwambie nini? Amwache mamake na njaa? Nimeutafuta huo ujumbe wa kukupa tangu asubuhi, nimeukosa.

Msalimie shemeji, wabusu wapwa zangu, hasa yule mtundu wa mwisho. Mungu awafunike huko, na huku asitusahau. Mjomba anakusalimu, ingawa siku hizi haongei.

Mama naye anakusalimu sana. Leo akiwa katikati ya daraja aligeuka, akanipigia kelele nisisahau kukuandikia kwamba daraja la mdogo wako limependeza, limenyooka sawasawa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuhitaji.