Kuinukia Upande wa Kulia

Jumamosi, jioni. Igoma. Mvua ya asubuhi ilikatika mapema, na mchana kutwa mbingu imekuwa na rangi ya bati jipya. Nywele zangu bado zinanuka ziwa. Nyonga zinauma, shingo inauma, na nimekuwa nikitabasamu peke yangu mbele ya cherehani mpaka mteja mmoja akaniuliza kama kuna harusi.

Ngoja niandike kabla sijaanza kujitilia shaka.

Kwa anayeingia kwenye blogu hii leo kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi nguo. Lakini kabla sijaolewa nilifanya kazi ya mapokezi kwenye kambi ya watalii kule Jinja, Uganda, pale Mto Nile unapoliacha ziwa na kuanza makelele yake. Waongozaji wa mtoni ndio walionifundisha kayaki. Ni mtumbwi mdogo, mwembamba, unakaa ndani yake umenyoosha miguu, na kiunoni unavaa sketi ya mpira inayoziba tundu ili maji yasiingie. Kwa hiyo ukipinduka, unapinduka nao. Kichwa kinakuwa chini, maji yanajaa puani. Hapo uchomoke uogelee, au utumie kasia na nyonga zako ujirudishe juu ukiwa humo humo ndani. Kwenye mto wenye mawe, hutamani kuogelea.

Mimi nilikuwa najua kujirudisha. Nilikuwa hodari, tena. Daima kwa upande wa kushoto, maana mkono wangu wa nguvu ni wa kushoto.

Mwaka jana nilitolewa titi la kushoto.

Haya, nimeandika. Huko nyuma niliwahi kusema hapa kwamba nilifanyiwa upasuaji, nikaishia hapo. Nilipona, namshukuru Mungu, na daktari ameniruhusu mazoezi. Lakini mkono ule haunyooki kama zamani, na kovu linavuta nikijipinda. Kuna jambo jingine ambalo sikumwambia daktari wala mtu yeyote: tangu siku ile sijawahi kumwonyesha mume wangu kifua changu. Navalia bafuni. Nalala na fulana, hata wakati wa joto lile la Oktoba. Naye hajawahi kuuliza. Alihamia ukingoni mwa kitanda, akawa analala kama mtu aliyepanda basi bila tiketi, na mimi nikajipa jibu langu mwenyewe kuhusu sababu.

Hansa ndiye aliyenirudisha majini. Tulifahamiana Jinja, wasichana wawili wa Mwanza ugenini, mimi mapokezi, yeye akijifunza kuongoza wageni mtoni huku baba yake akidhani anasomea uhasibu. Sasa anasimamia duka la vifaa vya ujenzi la familia yao pale Mirongo, lakini kayaki zake mbili hajaziuza. Kila Jumamosi tunakwenda kwa kaka yake, ambaye nyumba yake iko ufukweni kule Luchelele. Mume wangu hutupeleka na pikapu yake ya kazini, maana yeye ni fundi wa mageti. Kisha hukaa juu ya jiwe na chupa ya chai, akiligeuzia ziwa mgongo. Ni mtu wa Kwimba, amekulia nyuma ya ng'ombe. Hajui kuogelea, na maji yakipita magoti anaanza kusali.

Leo Hansa alifika akitembea kama bibi kizee. Jana aliinua ndoo ya rangi dukani, mgongo ukambana. Alijaribu kuingia majini anishikie mtumbwi, akarudi akiuma meno.

"Basi tuache," nikasema.

"Hatuachi," akasema, kisha akageukia lile jiwe. "Shemeji! Vua viatu. Leo utashika wewe."

Nilitaka kukataa kwa niaba yake. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo. Lakini mume wangu, Baba Kulwa, aliweka kikombe chini, akavaa jaketi la kujiokolea, akafunga kamba zote, hata zile zisizofungwa, na akaingia ziwani na suruali yake. Maji yalipofika kifuani alisimama, akashika pua ya kayaki kwa mikono miwili.

"Niambieni cha kufanya," akasema. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

Hansa alikaa kwenye stuli ufukweni akawa anafundisha kwa sauti. Wiki zilizopita tulijaribu namna mbili zikanishinda. Ya kwanza unapeleka kasia mbali pembeni, unakunja mwili upande mmoja kisha unaukunjua kuelekea upande wa pili kwa mara moja, kama bawaba ya mlango. Inataka mkono wa kushoto upite juu ya tumbo la mtumbwi, na wangu haufiki. Ya pili unajilaza chali juu ya mgongo wa kayaki ukilivuta kasia. Ni ya haraka, waongozaji wanaipenda, lakini ilinivuta kovu nikaona nyota. Leo ilikuwa ile Hansa anayoiita kufagia. Unainama mbele kama unayeibusu kayaki, kiwiko cha kushoto kimebana ubavuni, na mkono wa kulia unalipeleka kasia juu ya uso wa maji kwa mzunguko mpana, taratibu, kama ufagio uani. Wakati huo huo nyonga inageuza mtumbwi. Kichwa kinatoka mwisho kabisa.

Upande wa kulia. Upande ambao mwili wangu haujawahi kuuamini.

Nikapinduka. Ziwa leo lilikuwa la kijani, na sauti zote zikakatika. Nilijua vizuri: kulia, kulia. Lakini mwili ukaamka na mazoea yake, mkono wa kushoto ukanyooka kutafuta anga, kovu likanichoma, nikapoteza mwelekeo. Sikujua tena juu ni wapi.

Kisha dunia ikageuka kwa kishindo. Baba Kulwa alikuwa ameukumbatia mtumbwi mzima na kuupindua kama anayeangusha fahali. Nikaibuka nikikohoa.

"Uko sawa? Mama Kulwa! Uko sawa?"

Niko sawa, nikasema. Na hapo nikakiona.

Kilikuwa kinaelea, cheupe, kikienda zake ziwani. Kile kipande cha sponji nilichokishona kwa mkono wangu, nikakikata umbo, nikakivika kitambaa laini, na kukiingiza ndani ya fulana ili nifanane kushoto na kulia. Kilikuwa kimechomoka nilipokuwa chini.

Nilitamani kurudi chini ya maji nikae huko.

Mume wangu alikiangalia. Akaniangalia mimi, fulana ikiwa imeniganda kifuani, kila kitu kikionekana kama kilivyo. Kisha akaachia kayaki akakifuata. Kila hatua maji yalipanda, mpaka jaketi likaanza kumnyanyua, mikono yake ikiwa juu kama mtu anayevuka mto na mzigo. Ufukweni Hansa alikuwa amesimama, mgongo ameusahau. Mume wangu akanyoosha mkono, akakikosa, akanyoosha tena, akakipata.

Alirudi nacho. Akakikamua vizuri, kama anavyokamua kitambaa cha kufutia kioo cha gari, na akakitia kwenye mfuko wa shati lake, ndani ya jaketi.

"Nitakutunzia," akasema. "Kitakusumbua huku."

Nikaanza kulia. Sikulia hospitalini, sikulia walipofungua bandeji. Nililia leo, nimekaa ndani ya kayaki, kamasi zikichanganyika na maji ya ziwa.

"Nilidhani unaona kinyaa," nikamwambia. Nilisema polepole ili Hansa asisikie, ingawa najua alisikia, maana ghafla alianza kukagua misumari ya ile stuli.

"Kinyaa cha nini?"

"Ulihama kitandani."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Daktari alisema usiwekewe kitu kizito upande ule. Na wewe unajua mkono wangu nikishalala. Si ndio wewe uliyesema unaangukia watu kama gogo? Niliogopa nitakuumiza usingizini."

"Mwaka mzima?"

"Ningejuaje umepona? Hukuniambia."

Ni kweli. Sikumwambia.

Tukabaki tunatazamana, yeye majini mpaka kifuani, mimi kiunoni nimebanwa na mpira. Hansa akakohoa huko ufukweni akasema kwamba kama tumemaliza, kuna kazi. Akamwelekeza: nijilaze ubavu wa kulia juu ya maji, yeye aweke mkono mmoja chini ya mgongo wangu na mwingine juu, kwenye mbavu za kushoto, ili asikie kama nyonga inaanza kabla ya kichwa.

Alisita. Mkono ulisimama hewani juu ya kovu.

"Weka," nikasema.

Akaweka. Kiganja chake kina sugu za kuchomelea vyuma, na kilikuwa baridi, na kilikuwa chepesi mno, kama amebeba yai la kanga. Nikamwambia abonyeze kidogo. Akabonyeza. Nikageuza nyonga, mtumbwi ukaitika. Tena. Tena. Kila nilipotanguliza kichwa alisema, "Kichwa hicho," kwa sauti ya mtu aliyefundisha kayaki maisha yake yote.

Kisha Hansa akamwambia aniachie.

Nikapinduka peke yangu. Kijani. Kimya. Safari hii sikukimbilia popote. Nilibana kiwiko, nikainama mbele, nikangoja mpaka kasia likagusa hewa kule juu, upande wa kulia, nikaanza kufagia. Polepole kuliko nilivyodhani inawezekana. Nyonga ikaja. Mabega yakaja. Kichwa, mwisho.

Mwanga.

Hansa alipiga kigelegele, mkono mmoja kiunoni. Baba Kulwa alijipiga usoni makofi mawili ya maji ya ziwa, akageuka upande, na mimi nikajifanya sikuona macho yake.

Katika majaribio yaliyofuata nilishindwa mara nyingi kuliko nilivyofaulu. Nisidanganye hapa. Na maji ya Luchelele yametulia, hayana mawe wala haraka. Hansa na marafiki zake wa zamani wanakwenda Jinja likizo ijayo. Walinialika nikakataa, nikasingizia sare za shule.

Sasa hivi, kabla sijafungua kompyuta hii, tulikuwa jikoni. Watoto wako bweni, nyumba kimya. Mume wangu alikuwa anakata vitunguu kwa chakula cha jioni, mimi namenya ndizi.

"Kule mtoni," akauliza, "nani huwa anashika mtumbwi?"

"Hakuna. Maji yanakimbia. Unainuka mwenyewe."

Akaendelea kukata. Nilidhani atasema nisiende. Niliona kabisa alivyolimeza neno hilo.

"Basi tufanye mazoezi," akasema, "mpaka usinihitaji."

Kesho baada ya misa nitampigia Hansa, nimwambie aniwekee nafasi.