Kinachokwenda na Shampeni

3 Machi

Dada, shikamoo. Vipi miguu, bado inavimba kwa kusimama? Mimi mzima, ila usingizi umenihama.

Mama hali chakula. Dawa imemwachia ladha ya chuma mdomoni. Majirani wanaleta uji wa sukari. Anaonja kwa adabu, kisha ananirudishia bakuli. Ijumaa ya wiki ijayo anapimwa uzito. Akipungua tena, daktari anasimamisha dawa. Wewe kazi yako ni ladha. Niambie nimpe nini.

Mdogo wako

5 Machi

Marahaba, mdogo wangu. Miguu ni ile ile. Viatu vimechoka kabla yangu.

Wiki hii hotelini tunaonja shampeni ya menyu mpya, ile isiyoandikwa mwaka. Wanachanganya mvinyo wa miaka kadhaa ili ladha isibadilike. Ukinusa, kuna tofaa bichi na mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Mdomoni ni uchachu, na mapovu yanayosugua ulimi. Tuliijaribu na keki, ikageuka limau tupu. Tukaijaribu na viazi vyembamba vya kukaanga, vyenye chumvi, ikatulia. Uchachu unakata mafuta, chumvi inaamsha ulimi.

Mvinyo usimpe, ana dawa. Lakini acha sukari. Mpe viazi hivyo, na maji baridi ya mapovu yenye limau.

Ruhusa nimenyimwa mpaka mwisho wa mwezi.

Dada yako

9 Machi

Dada, shikamoo. Natumaini unalala kuliko mimi.

Nimekaanga mpaka nywele zinanuka mafuta. Nilimsimamia: "Mama, chumvi imekolea? Ongeza kimoja." Akala kimoja, akasema, "Mwambie dada yako wateja wake wana uvumilivu." Cha pili nimekikuta chini ya mto.

Nimeishiwa. Njoo.

Mdogo wako

11 Machi

Marahaba. Pole, mwenzangu. Siwezi kuja. Nikiondoka sasa nafasi inachukuliwa, na dawa zinatoka kwenye mshahara huu huu.

Jana wageni walikuja kuonja. Meneja akawasimamia vichwani: "Mnaonaje? Mnausikia mkate?" Wakanywa kidogo kidogo, glasi zikarudi mezani zimejaa. Sisi tumefundishwa kinyume: mimina, sogeza sahani, ondoka, tazama kwingine. Mtu ukimtazama mdomo, hamezi. Nikamdanganya meneja kwamba anaitwa mapokezi. Kurudi kwake, sahani zilikuwa tupu.

Nadhani viazi havina kosa. Na wewe, umekula lini?

Dada yako

15 Machi

Dada, shikamoo. Vipi hali, na hao wageni?

Swali lako lilinikasirisha, kisha likaniketisha. Sikuwa nimekula tangu jana yake. Nikakaanga viazi vyangu, nikakaa ukingoni mwa kitanda chake, nikampa mgongo, sahani ubavuni, nikala. Baadaye nikasikia mkono wake unapapasa sahani. Sikugeuka.

"Unakula kama humu ndani hakuna mwingine," akasema.

"Nina njaa, Mama."

"Basi sogeza."

Tumekula hivyo kila siku, bila kuulizana. Jana mizani haikupanda, lakini haikushuka. Dawa inaendelea Jumatatu. Daktari anasema ladha itamharibikia tena, kwa hiyo huenda viazi navyo akavichukia. Tutaona.

Mama anakusalimu. Anauliza wewe huko unakula na nani.

Mdogo wako